Viatu Mkononi

Nyumbani
Alhamisi, 26 Februari

Mpenzi Bwana Mawingu,

Mama anataka salamu zake zitangulie, kwa kuwa yeye alikujua kabla yangu. Basi, anakusalimu sana. Macho yanaendelea vizuri ingawa kusoma bado. Kila mchana namtia matone, kisha analala chali saa nzima na kitambaa usoni, na wapitao dirishani wanauliza mazishi ni lini. Hayo ni maneno yake, mimi naandika tu.

Habari yenyewe ni hii. Humu ndani tulikuwa wawili, sasa tuko watatu, na wewe ukirudi tutakuwa wanne. Jana nilikwenda kliniki, Mama akanisindikiza. Amekwisha kufungua sanduku na kutoa blanketi lako la utotoni. Lina matundu, lakini anasema panya walikuwa na adabu, walikula pembeni tu. Aliniuliza, “Ni ya likizo yake ya Januari?” Nikasema ndiyo, Mama. Akalikunja blanketi, halafu akasema, “Sawa. Mungu ni mwema.”

Cherehani haipumziki. Nimepata kazi ya mapazia ya hospitali, meupe yote. Nikiyatundika sebuleni kuyapiga pasi najiona niko huko juu kwako, ndani ya wingu.

Wako,
Sindano

*

Karatasi ndogo. Hii Mama hatasomewa. Ichome jikoni ukimaliza, kama zile nyingine.

Mimi na wewe tunajua si ya Januari. Ulipoondoka baada ya likizo niliziona siku zangu kama kawaida. Mimba hii ni ya ile siku ya mvua, uliposhuka na lori la dereva wenu Breki kufuata betri za kituo cha hali ya hewa.

Kliniki waliniuliza siku zangu za mwisho nilizipata lini. Nikataja mwishoni mwa Desemba. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu ameshika mkoba wangu. Ningesema tarehe ya kweli, angejiuliza mimba imetoka wapi na mume yuko mlimani. Ningesema ulikuja, angejua mwanawe aliingia nyumba hii, akala, akalala, akatoka viatu mkononi bila kumwamkia mama yake aliyekuwa chumba cha pili. Uliniapisha nisiseme, na sikusema. Wiki chache tu. Mtoto hasomi kalenda.

S.

*

Kituoni
Jumamosi, 28 Februari

Mama, shikamoo. Na wewe Sindano, salaam.

Breki amefika saa nne na barua yenu, akaniambia uso wangu umegeuka kama wa mtu aliyekanyaga kitu. Nimeisoma nimesimama kando ya kipima mvua. Kisha nimepima mvua. Kisha nimeisoma tena. Mzee Redio, mwenzangu anayetuma vipimo vyetu kwa redio, ameniuliza mbona leo nimempa kiwango cha upepo cha jana. Nimemwambia mke wangu ana mimba. Akasema, “Basi upepo wa jana utatosha.”

Hapa wingu limeshuka hadi kwenye vizingiti vya milango. Kutoka chumba cha vyombo hadi jikoni tunakwenda kwa kushika kamba. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye furaha, maana hakuna anayekuona unavyocheka.

Mama, lile blanketi usilishone matundu. Mtoto atahitaji mahali pa kupitishia vidole.

Wako,
Mawingu

*

Ndogo. Umefanya vyema. Nitamwambia mwenyewe Juni nikija likizo, tukiwa tumekaa, na mtoto akiwa ameshaonekana tumboni ili hasira yake ipate pa kutua. Katika shajara yangu, siku ile ya mvua nimeandika “Betri” basi. Lakini sijasahau bati lilivyokuwa likipiga kelele, na shuka nyeupe umezitundika chumba kizima, tukalala kati yake kama watu waliosafiri mbali. Nilikusudia kumwamkia. Nilidhani kuna muda. Honi ya Breki ndiyo iliyoniamsha.

M.

*

Nyumbani
Jumanne, 3 Machi

Mpenzi Bwana Mawingu,

Mama anasema nikuandikie kwamba sote ni wazima, hewa ni nzuri, bei ya uzi imepanda. Nina uchovu kidogo na nimeambiwa nisikanyage cherehani kwa muda. Mama anasema mwanamke mwenye mimba akichoka si habari ya kupandishiwa lori mlimani. Basi nimeishia hapo.

Wako,
Sindano

*

Ndogo. Hapo juu ni Mama aliyesema. Sasa nasema mimi.

Jumapili nilikuwa nashona pindo. Nikahisi joto, nikasimama, nikaona damu kwenye kiti. Si nyingi, lakini ilikuwa nyekundu, na kila kitu pale kilikuwa cheupe.

Jana tulikwenda hospitali. Chumba cha altrasaundi kina giza, na pazia lake ni langu, nililijua kwa pindo. Daktari ni mwanamke, mpole, anazungumza taratibu. Alinipaka mafuta baridi tumboni, akatembeza kile kifaa, na kwenye kioo ikatokea picha kama hewa ya huko kwako, kijivu juu ya kijivu. Katikati kulikuwa na kitundu cheusi. Akasema, “Hiki ndicho kifuko cha mimba.” Ndani yake akaonyesha kipete kidogo. Kandokando kulikuwa na weusi mwingine, mwembamba kama mwezi mchanga. Akasema hiyo ni damu imejikusanya pembeni ya kifuko.

Nikauliza mtoto yuko wapi. Akasema kwa wiki nilizotaja alitarajia kuona mtoto mwenye kichwa na viungo, na moyo unaopiga. Haoni mtoto. Haoni moyo. Akaniuliza, “Una uhakika na tarehe?”

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili, ameuinamia.

Nikasema, “Nina uhakika, Daktari.”

Akasema nirudi Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Damu ikizidi kabla ya hapo nije mara moja, hata usiku. Hali ikiwa ni hii hii, mimba imeharibika, itabidi nisafishwe kizazi. Alishika mkono wangu alipokuwa akisema hivyo, nami nikamshukuru. Namshukuru kwa nini, sijui.

Najua unachofikiri, kwa sababu nami nakifikiri. Pengine si mtoto aliye mdogo, ni tarehe iliyo kubwa. Lakini damu ni damu, haikutokana na tarehe. Nikilala naona nimemkatia kitambaa kipana kuliko mwili wake, naye anazunguka ndani anatafuta mkono wa nguo.

Uliniapisha. Siri ni yako na mama ni wako. Niruhusu niseme. Breki anapanda Jumamosi na kushuka Jumamosi, kwa hiyo jibu lako litanifikia kabla ya siku yenyewe.

S.

*

Nyumbani
Jumanne, 10 Machi

Mpenzi Bwana Mawingu,

Breki alikuja kutuambia Jumamosi hakupanda. Udongo umeporomoka kwenye kona ya pili na wanausomba. Kwa hiyo barua yangu ya juma lililopita bado iko kwenye kabati la lori, na hii itaungana nayo. Mama anakusalimu. Anasema usitoke bila koti.

Wako,
Sindano

*

Ndogo. Damu ilipungua, ikawa rangi ya chai, nikafurahi. Jana ikarudi nyekundu. Leo tena chai. Nimekuwa kama wewe, kila baada ya saa chache nakwenda kutazama na kurudi na taarifa.

Ninalala mchana sana. Naota niko kituoni kwako, sijawahi kufika lakini naota. Nashika ile kamba, natoka jikoni nakwenda chumba cha vyombo, na kamba haiishi. Nasikia mtu mdogo anatembea mbele yangu, naye ameshika kamba hiyo hiyo. Nikivuta, anavuta. Nikisimama, anasimama. Simwoni. Naamka nikiwa nimekunja shuka kwenye ngumi.

Mama haondoki chumbani. Amehamishia kiti chake mlangoni pangu, anamenya karanga kwa kupapasa. Leo ameniuliza jambo la ajabu. “Ile siku ya mvua kubwa, mwanangu, uliweka ndoo chini ya paa linalovuja?” Nikasema sikumbuki. Akasema, “Hukumbuki. Mvua ile yote.” Akaendelea kumenya.

Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie. Mara zote nimeona mikono yake. Mwanamke mwenye mtoto mmoja, anayeweka kiti karibu na dirisha kila ikikaribia likizo yako, nimwambie mtoto huyo alikuja akampita mlangoni? Na nikikaa kimya, Jumatatu nitasafishwa kwa tarehe ya uongo. Barua yako isipofika, sijui mdomo wangu utasema nini.

S.

*

Kituoni
Jumamosi, 14 Machi

Sindano,

Barua hii haina karatasi ndogo. Msomee Mama yote, kwa sauti, mara tu itakapofika. Msomee hata kama analala.

Nimepokea barua zako mbili asubuhi hii, moja juu ya nyingine. Breki anapakua mapipa, ameniahidi kushuka akimaliza, nami naandika juu ya bodi ya gari lake.

Mama, mwanzoni mwa Februari, siku ile ya mvua kubwa, nilikuwa nyumbani. Tulishuka kufuata betri. Breki alinipa nafasi wakati yeye yuko bohari. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikala maharage yaliyokuwa jikoni, nikalala. Nilikusudia kukuamkia ukishaamka. Honi ilipopigwa nilikurupuka, nikashika viatu, nikakimbia. Ndani ya lori nilijiambia nitakuandikia. Nilipofika huku, kuandika kukawa kugumu zaidi kuliko kukaa kimya, na nikamwapisha mke wangu naye akae kimya. Mimba ni ya siku ile. Hana kosa lolote. Tarehe aliyoitaja kliniki aliitaja kwa ajili yangu.

Sindano, mwambie daktari tarehe ya kweli. Mwambie kabla hajagusa chochote.

Sitakuambia kwamba mtoto yupo. Sijui. Lakini nitakuambia jinsi tunavyofanya kazi hapa. Wingu likitufunika, hatuna ruhusa ya kuandika kwamba juu hakuna kitu. Sifuri ni ya siku ya anga safi, umeinua kichwa, umetazama kote, umekuta hakuna. Siku ya ukungu tunaandika alama nyingine kabisa, maana yake ni moja tu, kwamba aliyetazama hakuweza kuona. Mwaka wangu wa kwanza niliandika sifuri siku ya ukungu, na msimamizi akanisimamisha nje hadi wingu likaondoka, ili nione mwenyewe kilichokuwa juu ya kichwa changu muda wote. Daktari wako ameandika vizuri. Amesema haoni. Ukungu tumeuweka sisi.

Breki anapiga honi. Leo nimevaa viatu.

Mawingu

*

Nyumbani
Jumanne, 17 Machi

Mwanangu,

Anayeandika ni mkeo, anayesema ni mimi. Nimemkataza kuongeza na kupunguza, hata pale nitakapokutukana.

Barua kutoka kwako haijafika. Breki amekwama tena huko kwenye tope lake. Basi nakuandikia bila kusubiri uniambie ninalolijua.

Macho yangu mabovu. Masikio yangu mazima. Siku ile nilikuwa nimelala na kitambaa usoni, mlango wa nyuma ukalia. Kisha mtu akapiga chafya tatu, ya tatu akaibana kwa mkono. Marehemu baba yako alipiga hivyo hivyo, hakuna mwingine duniani. Nikatoa kitambaa. Nikajifunga vizuri, nikakaa kitandani, miguu chini, nikusubiri uje kuniamkia.

Nikasikia sufuria. Nikasema sawa, ana njaa, ale kwanza. Nikasikia mnacheka. Nikasema sawa, hawajaonana muda, waache. Mvua ikawa kubwa, sikusikia tena kitu, nikakaa tu na ile sauti ya bati. Ilikuwa vizuri kujua uko ndani. Kisha honi, kisha mtu anakimbia peku sakafuni. Mwenye viatu miguuni halii vile. Nikajua umevibeba mkononi kama mwizi wa kuku. Nikarudi kulala, nikajifunika kitambaa. Mkeo alipokuja kuniamsha nikapiga miayo ili apate raha.

(Mama, mimi sikujua. Ameniambia, “Andika hilo pia.”)

Uliniumiza, nakuambia ukweli. Lakini zaidi nilitaka mseme wenyewe. Nikawatega. Aliponijibu ni ya Januari nilijua si ya Januari, mimi ndiye ninayeanua nguo kamba moja na yeye, hata vitambaa vyake vya mwezi. Nikasema sawa, ngoja nione watafika wapi na uongo wao. Nilidhani kule kliniki tarehe ni ya kujaza kadi. Hata siku ile ya kwanza ya kile kioo, nilishika tu mkoba na kumwomba Mungu. Sikuunganisha hili na hili.

Jana daktari akatazama kadi, akasema, “Kwa tarehe hii, leo ni wiki ya kumi na moja. Kama picha ni ile ile, tusimcheleweshe mama, tutamsafisha leo.” Kisha akamuuliza tena, “Una uhakika?” Mkeo akafungua mdomo. Akanigeukia. Hata kwa macho haya nilimwona, amekaa kama mtoto aliyevunja sahani ya mgeni.

Mkoba ukanianguka. Nikasema, “Daktari, niulize mimi. Tarehe hiyo ameisema kwa kunistahi. Mwanangu alikuja mwanzoni mwa Februari, siku ile mvua ilipong'oa bango la duka la dawa. Hesabu kutoka hapo.”

Daktari akasema anaikumbuka mvua hiyo, gari lake lilizimika njiani. Akamuuliza mkeo siku zake za kweli, naye akazitaja huku analia. Akazungusha kile kigurudumu chao cha karatasi. Akasema, “Mama, mngeniambia hivi juzi, nisingewatisha kiasi kile.” Nikasema, “Kosa la nyumbani, Daktari. Endelea.”

Hapa namwachia mkeo, yeye ndiye aliyeona.

Mpenzi, nimeona. Ndani ya kitundu kile cheusi, pembeni kabisa, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele, na katikati ya punje kitu kinapepesa. Unajua cherehani ikiendeshwa bila uzi, sindano inavyopanda na kushuka upesi mpaka unaona mng'ao tu? Ndivyo. Nikauliza, “Hiyo ni nini?” Daktari akasema, “Huo ndio moyo.” Nikamwelezea Mama. Akasema nimweleze tena. Daktari akatusubiri.

Ule mwezi mchanga wa damu bado upo, mdogo kuliko mwanzo. Daktari hakutuahidi kitu. Amesema mimba nyingi za namna hii huendelea vizuri, baadhi haziendelei, na nirudi baada ya wiki mbili. Leo natokwa na rangi ya chai tu. Nimelala kitandani nikiandika, Mama yuko mlangoni na karanga zake.

Mama anasema inatosha, nifunge. Anasema matusi atakupa Juni, uso kwa uso.

Mama yako
na Sindano

Jumatano. Sijafunga bahasha. Breki amefika, amejaa tope hadi kwenye nyusi, na barua yako imelowa. Nimemsomea Mama yote, kama ulivyosema. Nilipofika pale pa ukungu aliniambia nirudie. Mwisho nikauliza, “Mama, umemsamehe?” Akasema, “Soma mwanzo.” Nikasoma mwanzo. Akasema, “Umeona? Hata humu hajaniamkia.”

*

Kituoni
Jumamosi, 21 Machi

Mama,

Shikamoo.

Hii si ya leo. Ya leo itakuja chini. Hii ni ya siku ya mvua. Kuna jambo sikuliandika juu ya bodi ya lori. Siku ile, viatu mkononi, nilifika hadi kwenye mlango wako. Nilishika kitasa. Nilijiambia, amelala, nitamshtua, na Breki ataniacha. Kumbe ulikuwa umekaa upande wa pili, miguu chini. Tangu Breki aniletee barua yenu nakiona kitasa kile tu.

Asubuhi hii wingu limeinuka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Mzee Redio ameniita nje, tumeona bonde lote, na barabara, na lori linavyopanda. Nimeandika vipimo vyangu vizuri. Kisha katika shajara yangu nimefuta neno “Betri” la siku ile, nimeandika ilivyokuwa.

Sindano, ukishika kamba ile katika ndoto, usivute. Mwache atembee mwendo wake.

Mama, shikamoo. Hii sasa ndiyo ya leo.

Mwanao,
Mawingu

*

Nyumbani
Alhamisi, 26 Machi

Mpenzi, tangu Jumatatu hakuna damu. Hatusemi kwa sauti. Tarehe thelathini tunarudi kwenye kioo, na Mama ameshaweka viatu vyake tayari karibu na mlango. Barua yako ameniomba nimpe mkononi, akaisogeza hadi kwenye pua, akakaa nayo dirishani. Kisha akaomba kalamu. Yaliyo chini ni mwandiko wake, usiucheke, mistari haioni.

Sindano

MARAHABA. ZOTE MBILI.
SIKU NYINGINE INGIA NA VIATU